Ng'ombe Wasiokanyaga Dowa

Waliniita niandike kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Tulikuwa watu kumi na wawili chini ya bati moja katika kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi: wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mkeka, na katikati yetu birika la chai juu ya kigoda. Upande wa mvulana asili yao ni Fizi, upande wa msichana Uvira, kote Kongo. Msemaji wa wazee alikohoa kidogo, akaniangalia nilivyoweka daftari la shule magotini, akasema, "Andika, dada mwalimu. Ng'ombe watatu."

Nikaandika. Hapakuwa na mwenye ng'ombe pale. Baba wa mvulana aliacha mifugo yake Kivu Kusini miaka mingi iliyopita, na baba wa msichana hajafuga hata kuku tangu aingie Malawi. Ng'ombe wale walitajwa, wakabishaniwa, wakateremshwa kutoka watano hadi watatu, kisha kila mmoja akageuzwa kuwa kwacha, na kwacha zenyewe zikakubaliwa zilipwe kidogo kidogo. Wakafuata mbuzi, kisha blanketi la mama, koti la baba, na jembe la mjomba. Jembe, kwa watu wasio na shamba.

Siandiki haya kuwasuta wazee. Mahari kwao ni heshima, na mtu aliyenyang'anywa kila kitu haachi heshima iende hivihivi. Kilichonikaa kooni ni kingine. Msichana aliyekuwa anazungumziwa hakuwa kwenye mkeka wala kwenye benchi. Alikuwa nje, mbele ya mbaula, yaani jiko la mkaa, anakaanga mandasi. Kila baada ya dakika chache pazia la mlangoni lilisogezwa, sinia likaingia limejaa, likatoka tupu. Mandasi hayo ndiyo yanayolisha nyumba ya baba yake, na katika orodha yangu hapakuwa na mahali pa kuyaandika.

Orodha ile ilinirudisha kwenye kitabu nilichowahi kukisoma. Mwaka 1884 Friedrich Engels, rafiki na mshirika wa Karl Marx, alitoa kitabu kuhusu chimbuko la familia, mali binafsi na dola. Hoja yake ni kwamba mwanamume alianza kumtawala mke siku alipopata mifugo. Alitaka mifugo ile irithiwe na watoto aliowazaa yeye, hivyo akaupindua ukoo wa mama na kumbana mke ndani ili awe na uhakika wa damu. Ndoa, kwa Engels, ni ua lililojengwa kuzunguka mali. Kwa hiyo, akaendelea, kwa mfanyakazi asiye na cha kurithisha, ua hilo halina tena kazi na msingi wa utawala wa mume umekwisha kung'oka.

Hoja ya Engels niliisoma Chinsapo, katika chumba cha kupanga upande wa barabara ya Likuni, tulipokuwa bado tunaishi mjini Lilongwe. Ilinifurahisha kama hesabu iliyokubali. Mwaka 2023, ilipoagizwa kwamba wakimbizi waliotawanyika mijini warudi kambini, tulifunga mizigo na kitabu nikakilaza chini ya masufuria. Sasa naishi mahali ambapo hesabu hiyo inaweza kupimwa kwa macho.

Enzi za Rais Kamuzu Banda wa Malawi, Dzaleka ilikuwa gereza lililofunga wapinzani wa serikali. Jina lenyewe kwa Kichewa ni kauli ya mtu anayeahidi kuacha, asirudie tena. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo tumezidi 50,000, wengi kutoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na sokoni Kiswahili ndicho kinachotusikilizanisha. Malawi iliuridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikiweka masharti yake kuhusu kazi na mahali pa kuishi. Hivyo ardhi tunayoikanyaga si yetu, ajira ni ya kubahatisha, na mzee akifa watoto hugawana kofia na redio.

Kwa hesabu ya Engels, wake wa Dzaleka wangekuwa huru kuliko wake wote wa bara hili. Fika bombani kabla jua halijachomoza uone ndoo za nani zimepanga foleni. Tazama nani anajua bei ya unga ya leo, ya jana na ya juzi, na nani anaulizwa jioni pesa imekwenda wapi. Usiku, katika nyumba zilizobanana hivi kwamba jirani akikohoa unaamka, tunasikia kipigo kinapoanza, tunasikia na kinapokwisha, na asubuhi tunakutana kwenye maji tukasalimiana kama kawaida. Mifugo ilibaki Kongo, lakini utawala ulivuka mpaka pamoja nasi. Mume aliyepoteza shamba, duka na cheo bado amebakiwa na kitu kimoja cha kumiliki, nacho ni mikono ya mke wake.

Hili liliwahi kuonwa mapema, karibu miaka 60 kabla ya Engels, na mwanamke wa Ireland aliyeitwa Anna Wheeler. Aliolewa akiwa na umri wa miaka 15 hivi na kijana wa familia yenye mashamba, naye akageuka mlevi. Alibeba mimba nyingi. Watoto waliokua ni wawili tu, wote wa kike. Mwaka 1812 alitoroka nao. Mwaka 1820 mwanafalsafa James Mill alichapisha makala juu ya serikali, akidai wanawake hawana haja ya kura kwa sababu maslahi yao yamo ndani ya maslahi ya baba zao au waume zao. Wheeler alikuwa ameishi miaka kadhaa ndani ya maslahi ya mume. Yeye na rafiki yake William Thompson wa Cork, mjamaa aliyekuwa katika harakati za ushirika za Robert Owen, wakamjibu kwa kitabu kizima kilichotoka 1825. Jalada lilibeba jina la Thompson, lakini katika barua inayofungua kitabu hicho Thompson mwenyewe alikiri kwamba mawazo yale yalikuwa kwa sehemu kubwa ya Wheeler.

Walisema ndoa ya siku zao haikustahili kuitwa mkataba, maana upande mmoja haukuwa na uwezo wa kubadilisha hata sharti moja. Kisha wakaenda mbali kuliko watetezi wengi wa haki waliokuja baadaye. Hata sheria zikisawazishwa kesho, walisema, mama anayezaa na kulea katika dunia ya kila mtu kushindania lake atabaki kumtegemea mume, kwa sababu kazi yake haimo katika hesabu ya mtu yeyote. Dawa waliyoipendekeza ni jumuiya za ushirika ambamo malezi na mapishi ni kazi ya wote, na kila jasho linatambuliwa. Engels aliitazama mali. Wheeler aliitazama kazi, na kwetu huku ambako mali haipo, Wheeler ndiye anayenisaidia kuelewa ninachokiona.

Mkondo wa fikra hizi una njia ya kushangaza, na unafika hadi Afrika Mashariki. James Mill alikuwa na mtoto, John Stuart. Kijana huyo, mwaka ule ule wa 1825, alikuwa anabishana ana kwa ana na wanaushirika wa Owen mjini London, Thompson akiwa miongoni mwao. Baadaye alimpenda Harriet Taylor, mwanamke aliyeandika mwenyewe mwaka 1851 kudai haki za wanawake. Kabla ya kumwoa mwaka huo, Mill alikaa akaandika tamko la kukataa mamlaka yote ambayo sheria ya Uingereza ilimpa mume juu ya mwili, mali na uhuru wa mke. Nimelifikiria sana tamko hilo. Mwanamume anachukua kalamu kabla ya harusi, anaandika asichokitaka. Harriet alifariki 1858, na mwaka 1869 Mill akatoa kitabu chake juu ya kutawaliwa kwa wanawake. Miaka 75 baadaye kitabu hicho kilikuwa mikononi mwa kijana wa Kizanaki aliyekuwa anasoma Makerere. Mwaka 1944 Julius Nyerere aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akizitumia fikra za Mill kuangalia hali ya wanawake wa kwao. Baba yake, Chifu Burito, alikuwa na wake 22. Mama yake, Mugaya, alikuwa wa tano. Kijana huyo hakuhitaji Mill amfundishe nani anaamka wa kwanza kwenye boma.

Ndiyo maana Azimio la Arusha la 1967, tamko la ujamaa la Tanzania chini ya Rais Nyerere, katikati ya habari za mabenki na viwanda, linasimama kidogo kusema ukweli kuhusu wanawake wa vijijini: kwamba hawana mapumziko, hali wanaume wengi wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Mwaka huohuo, katika andiko lake kuhusu ujamaa vijijini, Nyerere alikiri kwamba jamii ya jadi aliyoisifu ilikuwa na kasoro, na mojawapo ni nafasi duni ya mwanamke. Sijui wajamaa wengi waliokuwa madarakani waliosema hivyo waziwazi.

Lakini kusema ni kitu kimoja, na daftari la kijiji ni kitu kingine. Mwaka 1976 mwanaanthropolojia James Brain alichapisha uchunguzi kuhusu wanawake katika skimu za makazi Tanzania. Alionyesha jinsi wanawake wa jamii za ukoo wa mama upande wa Morogoro, ambao kwao walikuwa na ardhi yao, walivyofika kwenye skimu na kukuta shamba limeandikwa kwa jina la mume, na malipo ya mavuno anapokea mume. Mpango uliokuja kwa nia ya kuinua watu wote ulimkuta mwanamke ana kipande chake, ukamwacha hana. Tumboni mwa mpango ule palikuwa na fikra moja tu ambayo hakuna aliyeiuliza: kwamba familia ina kichwa, na kichwa ni mwanamume.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilijaribu kuuliza. Ilizikusanya ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali chini ya paa moja. Ilikataza mume au mke kumpiga mwenzake. Ilitaka ndoa isigeuzwe kuwa ya mitala bila ridhaa ya mke aliyepo, na iliagiza kwamba wanandoa wakiachana, mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika kuchuma mali, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Iliacha pia doa kubwa: msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15. Kifungu hicho kilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinyume cha Katiba katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Neno "kazi" katika sheria ile lilingoja miaka 12 lipate tafsiri. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Kutoka kitabu cha Wheeler hadi hukumu ile ni miaka 158. Huwa nasimama hapa, kwa sababu Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mume alishampa fedha za kuanzishia shughuli naye akazitumia vibaya, ikahesabu kuwa fungu lake amekwisha kulila. Wanawake wengi Tanzania wamepata nyumba na viwanja kwa kutumia jina lake katika mashauri yao. Yeye alitoka mikono mitupu.

Sisi tuliotoka Kongo tulikuwa nyuma zaidi. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kuingia katika jambo lolote la kisheria, hata kuweka saini yake benki. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Wengi wa wanawake waliokaa kwenye mkeka ule waliolewa na kukimbia nchi kabla ya mwaka huo. Idhini ya mume wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao.

Mwenye nyumba wangu wa Chinsapo alikuwa Mchewa, mama mnene wa sauti ya chini, aliyepokea kodi akiwa ameketi kwenye nkhonde, yaani baraza la mbele. Nyumba ilikuwa yake na dada zake, kutoka kwa mama yao. Mume wake alikuja kama mkamwini, bwana anayehamia kwa ukoo wa mke. Nilipomwona mara ya kwanza nikadhani nimeona kwa macho yangu ule ukoo wa mama ambao Engels aliusoma kwenye maandishi ya Lewis Henry Morgan kuhusu Wairokwoi wa Marekani. Kisha binti yake akaposwa. Ng'ombe hawakutajwa, na hapakuwa na orodha kama yangu. Jogoo mmoja na kuku jike walitosha kutia muhuri. Lakini aliyekaa mbele na kulisema neno la mwisho hakuwa mama. Alikuwa kaka wa mama, malume, ambaye ndiye nkhoswe, mdhamini wa ndoa. Mama alikuwa na nyumba, ila sauti ya mwisho ilikuwa ya kaka yake. Engels hakuwa na nkhoswe katika vitabu vyake, na nadhani angekuwa naye angeandika kwa tahadhari zaidi.

Banda alijua nguvu ya neno hilo. Alijiita Nkhoswe Namba Moja, mjomba wa wanawake wote wa Malawi, nao wakawa mbumba zake, yaani wanawake wa ukoo walio chini ya mjomba, wakikusanywa kumchezea kila alikokwenda huku wamejifunga vitenge vyenye picha yake. Rose Chibambo, aliyejenga umoja wa wanawake wa chama wakati wa kupigania uhuru, akafungwa na wakoloni mwaka 1959 akiwa na mtoto mchanga, kisha akawa mwanamke wa kwanza katika serikali, alitofautiana na Banda mwaka 1964 na akaishi uhamishoni miaka 30. Mjomba wa taifa hakuhitaji mpwa anayebisha.

Banda hakuwa mjamaa, na mtu anaweza kusema ndiyo sababu. Basi tuitazame Zanzibar. Mwaka 1970, chini ya serikali ya mapinduzi iliyozungumza usawa kila siku, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wajumbe wa Baraza la Mapinduzi, wanaume wenye umri wa kuwazaa. Mzee Karume, rais wa visiwa hivyo, alilitetea kwa historia: zamani wenye nguvu waliwachukua mabinti wa Kiafrika bila kuuliza. Historia hiyo ni ya kweli na inauma. Wasichana wale wanne hawakuiandika. Dola ilijiweka mahali pa baba, ikawatoa mabinti kama baba yeyote anayelipa deni kwa mtoto wa kike, na ikakiita kitendo hicho usawa. Kila nikisikia mtu anasema mapinduzi yatakomboa wanawake yenyewe kwa yenyewe, nawakumbuka hao.

Kule Urusi Alexandra Kollontai aliamini serikali inaweza kufanya vizuri zaidi. Aliingia madarakani mwaka 1917 akiwa kamishna wa ustawi wa jamii. Sheria ya 1918 iliirahisisha talaka na kuiondoa ndoa mikononi mwa kanisa. Mwaka 1920 akaandika kwamba mapishi, ufuaji na malezi vitatoka majumbani viwe kazi ya umma. Idara ya wanawake ya chama ilifungwa 1930, na 1936 Stalin akaikaza tena talaka. Kilichotolewa na ofisi, ofisi nyingine ilikichukua.

Ndiyo maana namrudia Bibi Titi Mohamed. Aliozwa akiwa mwari kwa mtu mzima, ndoa ikavunjika, akawa mwimbaji mashuhuri wa ngoma Dar es Salaam. Mwaka 1955 TANU, chama cha kupigania uhuru wa Tanganyika, kilipomkabidhi kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, hakuanzia kwa wasomi wala wake wa wakubwa. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, kwa wapika pombe na wauza vitumbua, wengi wao wameachika, wana pesa zao ndogo na miguu ya kwenda watakako. Mwanahistoria Susan Geiger aliwahoji wanawake hao na kuwaandikia kitabu mwaka 1997. Hawakuwa wamemsoma Wheeler. Walikuwa wamekwisha kuishi jawabu lake: mwanamke mwenye kazi inayohesabika, akiwa na wenzake wanaoijua hesabu hiyo, anaweza kusimama mkutanoni.

Hiki ndicho ninachokiona sasa kila Jumamosi mchana, mita chache kutoka nyumbani kwangu. Wamalawi wanakiita banki nkhonde, benki ya barazani. Sisi wa Kongo tulikuja na likelemba yetu, yaani mchezo wa kupokezana fedha, na vyote viwili vimechanganyika. Wanawake wanakaa kwenye mkeka. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Kila mmoja anataja hisa alizonunua, kwa sauti, mbele ya wote, na karani anarudia. Mkopo unajadiliwa: wa unga wa mandasi, wa vitenge vya kuuza, wa nauli ya hospitali. Mwisho wa mwaka fedha hugawanywa pamoja na riba. Nimewaona wanawake ambao nyumbani hawaruhusiwi kushika noti, hapa wakiitwa jina lao kamili, jina la baba na lao wenyewe, bila "mama fulani" wala "mke wa fulani". Wanaume wengine hukasirika. Wengine, na ni haki niwataje, hubeba watoto mgongoni siku ya mkutano ili mke asikilize kwa utulivu.

Na msichana wa mandasi ana hisa katika sanduku lile.

Siku ile orodha ilipofika namba tano, kwenye jembe la mjomba, msemaji alitaka tufunge kwa dua. Mama wa msichana, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akanigusa goti.

"Dada mwalimu, bado mstari upo?"

Nikamwambia upo.

"Andika mtaji wa mandasi ni wa mtoto. Karai, mbaula, na hisa zake za banki nkhonde. Anaondoka navyo. Na Mungu akipanga vingine, anarudi navyo."

Mzee wa upande wa Fizi akasema kwa upole kwamba hiyo si mahari, mahari hutoka kwao kuja huku. Mama akajibu, "Najua, mkwe wangu. Ndiyo maana naomba iandikwe." Wazee wakatazamana. Mvulana, ambaye kwa desturi hana ruhusa ya kusema siku hiyo, aliinua mkono kama mtoto darasani, akaruhusiwa, akasema maneno mawili: "Na iandikwe." Baba yake akainuka, na wenzake watatu nyuma yake, wakatoka nje kuteta.

Walikaa huko muda mrefu. Chai ilipoa. Kupitia pazia nilimwona msichana amesimama na kijiko cha kupakulia mkononi, mandasi yanaungua kidogo pembeni, hayageuzi. Kisha wazee wakarudi, wakaketi mmoja mmoja, na msemaji akaniangalia.

"Andika," alisema. "Lakini weka chini ya jembe."

Nikaandika. Namba sita.